Safi na Fifi

Leicester,
14 Februari 1993

Mama Mdogo Kageha,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii ambayo miaka tisa sasa sijaizoea. Mimi ni mzima. Kiwanda chetu cha soksi kinaendelea vizuri, nami naendelea nacho. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba hapo Obunga majirani wameacha kuchota maji kwenye pipa lako bila kuomba. Nisalimie ndugu yangu Ochieng. Mwambie barua yake niliipata, nitamjibu nikipata nafasi.

Sasa jambo lililonifanya nikae kitako na kalamu. Je, zile kadi za Chai ya Korongo bado unazo? Ndege wa Ziwa, kadi hamsini, moja katika kila pakiti ya majani. Mimi na Ochieng tulizikusanya tukiwa watoto, marehemu mama akilalamika kwamba nyumba nzima inakojoa chai, nawe ukituombea kadi kwa akina mama wenzako wa kinu cha pamba. Nilipoondoka nilikuachia kwenye lile kopo la biskuti.

Hapa karibu na stesheni kuna duka la stempu na kadi za zamani. Niliingia kukimbia mvua. Mwenye duka anaitwa Kishore, na kumbe kazaliwa Kisumu! Baba yake aliuza vitambaa pale mjini, wakahamia huku yeye akiwa mtoto, na kadi zake zikabaki. Nilipomwambia kwetu ni Otonglo alisahau Kiingereza chote. "Bwana, ile ndege ya Chai Korongo wewe ulikusanya?" Nikamwambia nilikusanya mpaka nikamaliza. Akakaa chini. Ametafuta hamsini kamili kwa miaka mingi, na zikiwa katika hali nzuri atatoa bei ya kunitosha tiketi ya kuja na kurudi. Mama Mdogo, nitakuja nyumbani. Sijawahi kuandika maneno hayo tangu nifike huku.

Lakini kila kitu kinategemea gredi. Gredi ya kwanza ni kadi iliyo kama imetoka kwenye pakiti leo asubuhi: kona nne kali, kingo safi, rangi haijapauka, nyuma hakuna gundi wala kalamu. Ya pili imeshikwashikwa kidogo, labda kona moja imelegea. Ya tatu kona zake zimekuwa mviringo, ila haijakunjika. Ya nne ina mkunjo au doa. Ya tano imechanika, au mtoto ameandika jina lake, na hiyo Kishore huichukua tu kuziba pengo. Zitazame mlangoni asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu mkunjo hujificha mwanga ukitoka juu. Kisha niandikie hali yake, na uzitume kwa rejista.

Fanya upesi, tafadhali. Silali vizuri.

Mwanao,
Dishon


Obunga, Kisumu,
27 Machi 1993

Dishon, mwana wa dada yangu Rosa,

Hatujambo. Mvua imechelewa na vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Mgongo wangu usiuulize, una umri wake. Kanisani tumepata pasta mpya, kijana, anahubiri kama mtu anayefukuzwa. Kinu cha Bwana Gurbachan kimefungwa kabisa, na nyasi zimeota pale tulipokuwa tukikaa kuchambua. Ochieng bado anabeba mizigo bandarini siku kazi ikiwepo. Mke wake Awuor hajambo.

Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka nayo imekuwa gredi ya nne. Gredi tano, Dishon! Pamba ya nchi nzima, iliyovisha watu na kuzika wafu, ilikuwa na gredi mbili tu, safi na fifi. Nyeupe huku, yenye madoa kule, kazi imekwisha. Huyo Kishore wako anaichunguza kadi ya chai kama anayeposa.

Basi nikazitoa koponi nikakaa nazo mlangoni kama ulivyosema. Kwanza nilihuzunika. Zilizokuwa safi hazikufika kumi na tano. Zilizobaki kingo zake zimefumuka kama pindo la shuka kuukuu na kona zimekwisha, maana wewe na ndugu yako mlikuwa mkizirusha ukutani kushindana, nikiwaambia acheni hamsikii. Lakini mimi si mtu wa kukubali fifi. Unajua pamba haipelekwi ghalani na majani yake makavu. Mkulima anaichambua kwanza, na asiyechambua asimlaumu mnunuzi. Nimekaa nazo wiki nzima, nimezitengeneza kwa mkono wangu, na sasa zote hamsini ni safi. Usiniulize vipi. Mwambie tu huyo Kishore kwamba zimepita kwa mama wa kinu. Jana nilizituma.

Sasa nisikilize. Umesema utakuja, na neno hilo limeshatoka nje ya nyumba yangu. Ochieng anataka kujenga simba yake, nyumba ya kijana katika boma la baba yenu kule Otonglo. Baba yenu mkubwa, Mzee Ogola, amekataa. Anasema mkubwa hajajenga, mdogo hawezi kusimamisha nguzo. Mimi Mmaragoli naona mambo yenu Wajaluo mazito, na Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nimekaa nanyi miaka mingi, najua pa kunyamaza. Nilimwambia tu, "Mzee, Dishon anakuja." Akasema, "Akuje basi. Nguzo moja peke yake akisimamisha, huyu mwingine atajenga kesho yake." Ochieng ameanza kukata miti.

Kwa hiyo hiyo tiketi si yako peke yako. Njoo.

Mama yako mdogo,
Kageha


Leicester,
30 Machi 1993

Mama Mdogo,

Sijapata jibu lako bado, lakini naandika tena kwa haraka, samahani kwa kuruka salamu. Mimi ni mzima.

Jana nilipita kwa Kishore, akanionyesha kadi ambayo mimi ningeapa ni gredi ya kwanza. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kabisa. Akaiweka juu ya nyingine ya aina hiyohiyo, na ilikuwa ndogo kidogo. Mtu alikuwa ameipunguza ukingo ili ionekane mpya. "Hii sasa si kadi," akaniambia, "hii karatasi tu." Mbaya kuliko zote ni iliyokatwa. Afadhali iliyochanika, afadhali iliyoliwa na mende, kwa sababu hiyo angalau haijadanganya mtu.

Kwa hiyo usizifute, usizioshe, usizipige pasi, usizitengeneze kwa namna yoyote. Kama ukingo umechakaa, uache ulivyochakaa. Nilipaswa kukuambia hili mwanzoni. Nakujua, mikono yako haikai bure.

Mwanao,
Dishon


Obunga,
9 Mei 1993

Dishon,

Hatujambo wote. Mvua hatimaye imekuja, na yote kwa mara moja. Maji yaliingia kwa jirani yangu Dorca usiku akaja kulala kwangu na kuku wake. Kuku mmoja ametaga chini ya kitanda changu na sasa tuna kesi, yai ni la nani. Huku ziwani kumeingia majani ya ajabu yenye ua la zambarau, yanaelea kama mikeka, na wavuvi wanayasukuma kwa makasia.

Barua zako zote mbili nilizipata. Kuhusu kadi, zilishaondoka. Utaniambia zikifika.

Ochieng amepeleka miti Otonglo. Mzee Ogola amekubali ilazwe kando ya boma.

Kula vizuri. Baridi hula mtu asiyekula.

Kageha


Leicester,
11 Julai 1993

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Kazi imekuwa nyingi kiwandani, wamenipa usimamizi wa mashine kadhaa, kwa hiyo sipati hata nafasi ya kukaa. Afya yangu ni njema. Nimecheka sana na kesi ya yai. Mimi ningempa Dorca, kuku ni wake.

Kadi zilifika salama. Umezifunga vizuri mno, hata tone la maji halikuingia. Nilizipeleka kwa Bwana Kishore akazitazama moja moja, akazipima kwa rula. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kuona kingo zilizonyooka namna ile. Alisema mkono uliozishughulikia si mkono wa kawaida. Nilijivuna kwa ajili yako, Mama Mdogo. Asante kwa kazi yote uliyoifanya.

Kuhusu safari, tutaona. Kuna mambo ya ruhusa na kadhalika. Usiwe na wasiwasi.

Msalimie Ochieng na Mzee Ogola.

Mwanao akupendaye,
Dishon


Obunga,
29 Agosti 1993

Dishon,

Mimi ni mzima. Ochieng ni mzima. Dorca alipata yai lake. Sasa nyamaza unisikilize.

Ile barua yako ya kunikataza ilifika kadi zikiwa angani. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba mbaya kuliko zote ni iliyokatwa, nilikaa pale pale kwenye ngazi za posta. Nilizikata, Dishon. Kwa wembe mpya na rula, ukingo mmoja baada ya mwingine, zaidi ya thelathini, nikiimba nyimbo za kanisa. Niliondoa kile kilichofumuka kama ninavyoondoa jani kwenye pamba. Hujui nilivyofurahi. Nilijiona nimekukatia tiketi kwa mkono wangu.

Sikuweza kukuandikia hilo. Nilikuandikia habari za kuku. Nikasema, acha ningoje, mtoto atanigombeza na yataisha. Miezi miwili kila nikienda posta nazunguka soko kwanza. Kisha barua ikaja, na ukanisifu.

Hapo ndipo nilipolia. Mtoto wa nyumbani akikuta ugali haujaiva anasema haujaiva, na anaula akiwa amenuna. Mgeni ndiye husifu kila kinachowekwa mezani. Nilikulea tangu dada yangu alipotuacha, ukiwa na miaka kumi na moja, na hujawahi kunisifu hata siku moja, wala mimi sikutaka. Niliposoma "mpendwa" na "akupendaye" nilijua nimeandikiwa na mgeni.

Na wewe unafikiri nimekaa hapa bila kujua hesabu? Kadi zimeharibika, tiketi hakuna, na wewe umeamua kufa nayo moyoni mpaka nichoke kungoja. Njia ya mwongo ni fupi, hata akiandika kwa mwandiko mzuri.

Kuna jambo nami nilikuficha. Nilikuandikia kwamba Awuor hajambo. Awuor alijifungua mtoto wa kike Januari, wamemwita Rosa, jina la mama yenu. Ndiyo yaliyokuwa kwenye barua ya Ochieng, ile ambayo mpaka leo hujaijibu. Mwezi wa pili Awuor alibeba mtoto akarudi kwa wazazi wake Maseno. Alisema hatalea mtoto kwenye chumba cha kupanga Obunga, choo kimoja watu thelathini, wakati mumewe ana boma la baba yake. Simlaumu. Ochieng huenda kila Jumapili kumwona mtoto uani kama mgeni, wanampa chai anarudi. Miti yake kule Otonglo imeanza kuingia mchwa.

Ukitaka kubaki huko, baki. Lakini niambie kwa sauti yako. Kwanza nigombeze. Nimekaa hapa naingoja.

Kageha


Leicester,
7 Novemba 1993

Mama Mdogo,

Haya. Nakugombeza.

Kwa nini mikono yako haiwezi kutulia? Nilikuambia uzitazame! Nani alikuambia utengeneze? Maisha yako yote ni hivyohivyo. Ulipunguza suruali yangu ya shule nikaenda mwaka mzima kifundo cha mguu kiko nje, watoto wakiniita korongo mimi mwenyewe. Uliosha redio ya baba! Kitu kikiwa na kasoro kidogo hukiachi mpaka umekimaliza. Kadi zilizongoja koponi karibu miaka ishirini, umezimaliza kwa wiki moja ukiimba. Nilipofungua kile kifurushi nilitoka nje nikatembea kwenye mvua mpaka taa za barabarani zikawaka. Nilikuwa na hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu.

Nimesema. 

Sasa yangu. Soksi hakuna. Kiwanda kilifungwa miaka miwili iliyopita, mashine zikauzwa, sisi tukapewa barua. Tangu hapo nimekuwa nikiishi kwa kile kidogo ambacho serikali ya huku humpa asiye na kazi, na kusimama kwenye milango ya watu. Usimamizi wa mashine niliubuni nikiwa kitandani mchana. Kwa hiyo usijibebeshe lawama yote. Wewe ulikata kadi, lakini kadi zilikuwa njia yangu ya mwisho kwa sababu njia nyingine zote niliziacha zijifunge nikikuandikia kwamba ni mzima. Na barua ya Ochieng sikumjibu kwa sababu sikuifungua. Nilijua ataniuliza lini. Iko hapa mbele yangu, nimeifungua jana. Amechora mguu wa mtoto kwa kalamu, kwa kuufuatisha kwenye karatasi. Ni mdogo, karibu sawa na kidole changu cha gumba.

Kishore naye nikuambie ukweli wake. Aliichukua kadi moja ya kwako akaiweka juu ya ile ya kwake, na ikapotea ndani yake kama mtoto aliyevaa koti la baba. Akafanya hivyo kwa ya pili, ya tatu, kisha akasukuma zote kando. "Nani amekata?" Nikasema ni mama yangu mdogo, alikuwa anachambua pamba Kisumu. Akainua kichwa. "Kinu ya Gurbachan? Pale wamama walikuwa nakaa chini, nywele yote nyeupe kwa pamba?" Nikasema pale pale. Akacheka mpaka akavua miwani. "Kazi mbaya kabisa, bwana. Lakini mkono ya huyu mama iko sawa kuliko mashine." Hilo la mkono sikulibuni.

Alinunua zile chache ambazo hukuzigusa, na hazikutosha tiketi. Hakuniongezea kitu kwa huruma, na nilimshukuru kwa hilo. Lakini wiki iliyofuata mtu alileta kasha la kadi za kuuza, nami nikiwa nimesimama tu pale nikamwambia Kishore, hizi tatu zimekatwa. Alizipima. Zilikuwa zimekatwa. Nimezitazama za kwako muda mrefu hata palipopita wembe napatambua mara moja. Tangu hapo ananipa kazi siku tatu kwa wiki, nakaa nyuma ya duka nikitenga kadi za watu kwa gredi. Ndiyo kazi yangu sasa, kama yako.

Sijasema nakuja. Nataka kuja. Lakini mtu aliyekaa Ulaya miaka tisa harudi na mfuko mmoja. Wewe unajua wanavyomtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni.

Dishon


Obunga,
16 Januari 1994

Dishon wangu,

Hatujambo, hatujambo kabisa. Sasa nimekusikia. Nilimsomea Ochieng sehemu ya kugombezwa mara kadhaa, akacheka pale kwenye redio mpaka machozi. Kuhusu suruali nakataa. Suruali ilikuwa sawa, wewe ndiye uliyerefuka bila kumwambia mtu. Redio nilikosa.

Usiku ule nililala kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Asubuhi nikakasirika upya, maana miaka miwili huna kazi na unaniandikia habari za soksi! Nimekuombea kiwanda hicho kanisani kwa jina. Mungu atakuwa amenishangaa.

Nilikwenda kwa Mzee Ogola nikamwambia mambo yalivyo. Si yote, lakini ya kutosha. Nikamwomba akubali Ochieng asimamishe nguzo moja kwa niaba yako, kisha ajenge yake. Aliniheshimu, akaniletea kiti, akakataa. "Mama, mtu akikufa tunatafuta njia. Huyu iko hai. Kaka hai hatujengei kama amekufa." Nilitoka pale nimekasirika, lakini njiani nikaona mzee ana haki. Sitaki uwe na nyumba ambayo imejengwa bila wewe. Kijiji kingeizoea, na wewe ungeizoea, na ndiyo ingekuwa basi.

Sasa hilo la mfuko mmoja. Nani hapa amekuomba mifuko? Awuor anataka ukuta. Ochieng anataka kaka. Mtoto anataka kunyonya. Wanaotazama mikono ni wale ambao hata ukija na lori watasema ni dogo. Miti iliyoliwa na mchwa Ochieng ameitupa, anakata mingine, na hii ameipaka oili chafu. Lakini Awuor amesema mwaka huu ukiisha bila nyumba wazazi wake watasikiliza posa za watu wengine. Hakusema kwa ubaya. Amesema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Mkataa kwao mtumwa. Nasema hivyo kwa kukugombeza, si kwa kukupamba barua.

Kageha


Nairobi,
13 Machi 1994

Mama Mdogo,

Ukiona stempu usishtuke. Niko Nairobi. Mishahara ya Kishore niliiweka pembeni yote, nikala viazi, na ikatosha tiketi ya kuja tu, bila ya kurudi. Nimekuwa hapa tangu katikati ya Februari kwa rafiki yangu Waliaula, tuliyesoma naye, ana chumba Makongeni karibu na reli. Barua yako ya Januari ilinipata siku mbili kabla ya kuondoka. Nilikuja nayo mfukoni mwa shati.

Nilifikiri nikikanyaga tu uwanja wa ndege yale mengine yatakwisha. Hayakuisha. Jioni gari la moshi la Kisumu linapita nyuma ya ukuta wetu, na kila linapopita nasimama. Jumanne nilikwenda stesheni nikakaa kwenye benchi mpaka likaondoka, nikarudi. Ijumaa vilevile. Waliaula haniulizi tena, ananiwekea tu chakula.

Naona uso wa Awuor. Naona Mzee Ogola akitazama nyuma yangu kuona nani anabeba masanduku, na hakuna masanduku. Naona Ochieng, ambaye nilimwacha kijana wa shule, na sijui hata nimshike mkono au nimkumbatie. Nilifika Ulaya bila woga wowote, na sasa naogopa safari ya usiku mmoja kwenda nyumbani. Nina hasira na mwili wangu. Hauniletei usingizi na hauniletei miguu.

Nipe wiki mbili tatu. Nitatafuta kibarua hapa, ninunue angalau shuka la mtoto na kitu cha Mzee, kisha nije kama watu. Tafadhali usimwambie Ochieng kwamba nipo.

Anwani yangu iko nyuma ya bahasha, chumba cha mwisho kabla ya ukuta.

Dishon


Obunga,
19 Machi 1994

Dishon,

Hatujambo. Mgongo unauma.

Nimemwambia Ochieng. Nilimwambia bahasha ikiwa bado mkononi mwangu. Akauliza kama bado unapenda samaki wa kukaushwa, nikasema sijui, akaenda sokoni.

Umeomba wiki mbili tatu. Sikupi. Nimekupa miaka kumi. Unataka kuingia bomani ukiwa umenyooshwa, kingo zako zote safi, kwa sababu unaogopa watu wataona palipochakaa. Mimi nimeshafanya ujinga huo kwa wembe na unajua ulivyoisha. Njoo ulivyo. Ukiwa umechakaa tutajua ni wewe.

Ukifika humkumbatii wala humshiki mkono, unachukua jembe. Shimo la nguzo ya kwanza linachimbwa na wewe, Jumatano, Mzee Ogola ameshaambiwa. La pili linachimbwa na Ochieng Alhamisi. Jumamosi nakwenda Maseno mimi mwenyewe kumleta Awuor na mtoto waone.

Barua hii haina stempu, kwa maana anayekuletea ni ndugu yako. Amesimama hapo mlangoni kwa Waliaula na hajui aseme nini, kwa hiyo anza wewe. Ana tiketi mbili za gari la moshi la jioni ya siku hii unayoisoma barua. Usikae chini kunijibu. Vaa viatu.

Mama yako,
Kageha